Kuondoa alama za familia kabla ya kuuza nyumba: kipi kiondoke, kipi kibaki

Mtu anayeuza nyumba aliyoishi miaka mingi, iwe Tabata, Kimara au Mbezi Beach, hupewa na dalali ushauri mmoja unaomkwaza kuliko hata ule wa kupunguza bei: ashushe picha za ukutani. Picha ya harusi, picha za mahafali za watoto zilizopangwa kwa umri, picha ya baba marehemu iliyo juu ya runinga, Ayatul Kursi au Moyo Mtakatifu wa Yesu, kalenda ya kwaya, vitambaa vya makochi alivyovifuma mama kwa mkono wake, vyote hivyo anaambiwa viondoke kabla mteja wa kwanza hajaingia. Wako wanaotii bila kuelewa, wakaivua nyumba kila kitu hadi ikaonekana imehamwa. Wako pia wanaokataa kwa hasira, kwa kuwa wanaona wametakiwa kuifuta familia yao ili kumpendeza mtu wasiyemjua.

Kosa la pande zote mbili lina chanzo kimoja. Kinachoitwa kuandaa nyumba kwa ajili ya mnunuzi ni mambo kadhaa yaliyofungwa katika kauli moja. Kusafisha ni jambo moja, kupunguza wingi wa vitu ni jingine, kukarabati kilichoharibika ni la tatu, na kuondoa alama zinazomtaja mwenye nyumba ni la nne. Kuna na la tano linalopenya kwa jina la hayo manne, nalo ni kuficha kasoro. Makala haya yanashughulikia hilo la nne, na kanuni ninayoitetea ni kwamba kiondoke kinachomweleza mwenye nyumba, na kibaki kila kinachoieleza nyumba yenyewe. Kanuni hiyo ni nyepesi kuitamka, lakini ukiingia nayo sebuleni utakuta vitu vingi vinafanya kazi zote mbili kwa pamoja.

Desturi ya kuipanga nyumba kwa jicho la mnunuzi ilikua na kuwa kazi ya kulipwa nchini Marekani. Anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wake ni Barb Schwarz, mpambaji wa nyumba aliyegeuka wakala wa mauzo katika jimbo la Washington, ambaye alianza kuziandaa nyumba za wateja wake mwaka 1972. Tangu hapo kazi hiyo imeenea Kanada, Uingereza na Sweden, na siku hizi wako watu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaoifanya kwa nyumba za bei kubwa. Hoja yao kuu imebaki ileile: mnunuzi hapimi vyumba peke yake, bali hujaribu kujiona akiishi humo, na kila uso unaomtazama kutoka ukutani humkumbusha kwamba yeye ni mgeni.

Je, hoja hiyo ina ushahidi? Upo, ingawa hausemi yote yanayodaiwa. Chama cha Kitaifa cha Mawakala wa Nyumba cha Marekani, katika taarifa zake za miaka ya karibuni, kimeripoti kwamba takriban mawakala wanane kati ya kumi wanaowawakilisha wanunuzi wanaona nyumba iliyoandaliwa humrahisishia mteja kuiona kuwa makazi yake ya baadaye. Hayo ni maoni ya watu ambao riziki yao inatokana na mauzo, kwa hiyo yapokewe kwa kiasi. Ushahidi ulio makini zaidi ulitolewa mwaka 2015 na Mark Lane, Michael Seiler na Vicky Seiler katika jarida la Journal of Housing Research. Waliwaonyesha mamia ya wanunuzi nyumba ileile moja kwenye skrini, huku wakibadilisha rangi za kuta na samani. Rangi tulivu na samani nzuri ziliwafanya watu waione nyumba kuwa ya kukalika zaidi na kuwa na maoni mazuri juu yake, lakini hazikubadilisha kwa kiasi cha maana bei waliyokuwa tayari kuitoa. Kwa hiyo anayemwahidi muuzaji kwamba kushusha picha kutampandishia bei kwa mamilioni anaahidi asichoweza kukithibitisha. Faida ya kweli iko kwingine, yaani mteja kukaa muda mrefu zaidi ndani ya nyumba, kurudi mara ya pili na mwenziwe, na kuikumbuka vizuri nyumba hiyo baada ya kutembezwa katika nyumba nyingi kwa siku moja.

Ili kuelewa kwa nini muuzaji mwenyewe huwa hazioni alama hizo, tunaweza kurejea jaribio lililochapishwa mwaka 1990 na Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell waligawanywa, nusu yao wakapewa vikombe vya kahawa, kisha soko likafunguliwa. Waliopewa vikombe walidai bei ya takriban mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kuilipa, na hali vikombe hivyo walikuwa wamevimiliki kwa dakika chache tu. Ikiwa kikombe cha dakika chache huongezeka thamani machoni pa mwenye nacho, ukuta ambao watoto watatu walisimamishwa wakapimwa vimo kwa penseli huongezeka kiasi gani? Muuzaji huziona alama hizo kuwa sehemu ya ubora wa nyumba, na anaamini kwa moyo mweupe kwamba mteja naye ataziona hivyo. Mteja huona penseli ukutani.

Katika mazingira yetu, hata hivyo, ipo sababu ambayo vitabu vya Marekani huigusa kidogo tu, nayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Kwetu bei ya nyumba huzungumzwa, na anayekuja kuiona nyumba huja pia kumsoma muuzaji. Sanduku lililofungwa nyuma ya mlango, picha ya marehemu iliyowekewa kitambaa cheusi, dawa za hospitali zilizopangwa kando ya kitanda, barua ya benki iliyoachwa juu ya friji, kabati la nguo lenye upande mmoja mtupu: kila kimoja humwambia mteja jambo kuhusu haraka aliyonayo mwenye nyumba. Akishajua kwamba kuna msiba, mgonjwa, deni au ndoa iliyovunjika, hatauliza tena kiwanja kina ukubwa gani. Ataanza kuhesabu ni wiki ngapi muuzaji anaweza kuvumilia. Dalali mzoefu analijua hilo, na ndiyo maana hukazania sebule na chumba kikuu cha kulala kuliko mahali pengine popote, ingawa mara nyingi hushindwa kumweleza mwenye nyumba sababu yake bila kumkera.

Kisha kuna suala la usalama, ambalo limekua tangu simu zilipoanza kufanya kazi ya kutembeza wateja. Siku hizi mteja hafiki nyumbani kabla hajatumiwa picha, na picha hizo zikishaingia katika makundi ya WhatsApp ya madalali na kurasa za Instagram hazina mwenyewe tena. Hubaki zikizunguka hata nyumba ikishauzwa. Cheti cha chuo kilichotundikwa kina majina kamili. Picha ya mtoto aliyevaa sare huitaja shule anayosoma. Picha ya kustaafu yenye jina la mwajiri humweleza msomaji takriban kiinua mgongo kilichopokelewa na mwaka kilipopokelewa. Weka pamoja na hayo ramani ya mahali nyumba ilipo, na mtu mwenye nia mbaya amekwisha kupewa kila anachohitaji ili apige simu akijifanya ni wa benki au wa shuleni. Mtanzania au Mkenya aliyeko Muscat, London au Minnesota, anayenunua kwa kumwagiza ndugu yake atembee ndani ya nyumba huku akimwonyesha kwa simu ya video, huona vyumba vyote pamoja na vilivyomo, na muuzaji hajui upande wa pili wa simu wamekaa wangapi. Picha za tangazo zipigwe baada ya alama kuondolewa. Wengi hufanya kinyume, wakaja kushusha fremu siku ambayo mteja anakuja, wakati picha zenyewe zimekwisha kusambaa.

Lipo pia jambo gumu zaidi, nalo ni ubaguzi. Mwaka 2020 huko Marin City, California, wanandoa Wamarekani Weusi walimwita mthamini, naye akaipa nyumba yao thamani ya dola 995,000. Hawakuridhika. Waliondoa picha za familia na sanaa ya Kiafrika, wakamwomba rafiki yao Mzungu aweke picha za familia yake na kujifanya ndiye mwenye nyumba, na wiki chache baadaye mthamini mwingine akaipa nyumba ileile dola 1,482,500. Kesi waliyoifungua ilimalizika kwa maridhiano mwaka 2023. Tukio hilo linaonyesha kwamba kwa baadhi ya watu ushauri wa kushusha picha hauhusu mapambo hata kidogo. Ni ushauri wa kujificha ili watendewe haki. Sheria ya Makazi ya Haki ya Marekani ya mwaka 1968 ilitungwa kupinga ubaguzi wa aina hiyo katika uuzaji na upangishaji, na bado watu wanalazimika kuficha nyuso za watoto wao.

Kwetu jambo hilo huja kwa sura ya dini na kabila. Mteja aliyeingia na kukuta msalaba, au picha ya Kaaba, au cheti cha jumuiya ya watu wa mkoa fulani, huweza kuanza kujiuliza kama mtaa mzima uko hivyo na kama yeye atakubalika. Ninaielewa hofu ya muuzaji anayeviondoa ili asipoteze mteja. Hata hivyo naona hakuna sababu ya kumshurutisha mtu, hasa mzee, aondoe kile anachoamini kwamba kinailinda nyumba yake angali anaishi humo. Aya moja ndogo juu ya mlango wa chumbani, au rozari kando ya kitanda, haijawahi kumzuia mnunuzi makini. Kinachofaa kuondolewa ni vile vikubwa vinavyoitawala sebule, na viondolewe kwa adabu inayostahili: maandishi ya Qur'ani yafungwe katika kitambaa safi na kuwekwa mahali pa juu, picha takatifu zipelekwe kwa ndugu anayeziheshimu, wala visirundikwe stoo pamoja na ndoo na mifagio. Mafundi waliokuja kupaka rangi wasiachiwe kazi hiyo.

Kabla ya kufika kwenye kazi yenyewe, muuzaji ajiulize mteja wake ni nani. Nyumba ya zamani Kariakoo au Upanga inaweza kununuliwa na mtu anayetaka kiwanja ili ajenge ghorofa. Huyo hatatazama mapazia, na kila shilingi itakayotumika kupaka rangi itaangushwa pamoja na kuta. Anayenunua ili kupangisha huangalia idadi ya vyumba, choo kiko wapi na maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Kazi ninayoieleza hapa humfaa anayetarajia kuuza kwa familia itakayohamia, na kwa nyumba ya namna hiyo mahali pa kuanzia ni sebuleni.

Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya saruji, na picha hutundikwa kwa misumari ya zege. Msumari huo ukivutwa moja kwa moja kwa nyundo hung'oka na kipande cha lipu cha ukubwa wa kiganja, na hapo kazi ya kuondoa picha imegeuka kuwa kazi ya ujenzi. Anayejua hubandika utepe wa karatasi kuzunguka msumari, akaubana kwa koleo na kuuzungusha kushoto na kulia mpaka ulegee, ndipo akauvuta taratibu. Tundu hunyunyiziwa maji kidogo, hujazwa puti, huachwa likauke sawasawa, hupigwa msasa laini, kisha hupakwa praima. Linalofuata ndilo linalosahaulika: nyuma ya kila fremu rangi imebaki ilivyokuwa siku ya kwanza, huku ukuta uliobaki umepauka kwa jua na kushika vumbi na moshi, kwa hiyo picha ikishuka huacha mstatili uliong'aa. Sebule yenye mistatili mitano namna hiyo huitangaza familia kuliko hata zile picha zilipokuwa zimetundikwa. Kugusisha rangi mpya kwenye madoa hakusaidii, kwa sababu rangi mpya haifanani na iliyozeeka hata ikitoka katika ndoo yenye namba ileile. Ukuta husika upakwe wote, kutoka kona hadi kona, na ikiwezekana kwa rangi ya krimu au nyeupe isiyo kali. Chumba cha mtoto chenye jina lake ukutani, au ukuta wenye rangi za timu ya mpira, upakwe vivyo hivyo.

Picha zenyewe zinahitaji uangalifu wa aina yake, hasa pwani. Unyevunyevu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hugandisha picha ya karatasi kwenye kioo cha fremu, na anayeibandua kwa nguvu hubaki na sura ya bibi yake nusu kwenye kioo na nusu kwenye karatasi. Picha iliyoganda isibanduliwe. Ipigwe picha kwanza ikiwa palepale kwenye kioo, kwa mwanga wa mchana unaotoka pembeni ili kioo kisimulike, kisha ihifadhiwe na fremu yake. Nalitaja hili kwa sababu katika haraka ya kuuza nyumba ndipo familia hupoteza nakala pekee ya picha ya mtu ambaye hayupo tena, na hasara hiyo hakuna bei inayoifidia.

Kabati la vyombo ni suala la kipekee. Katika nyumba nyingi ndilo lililobeba heshima ya mama mwenye nyumba: seti za chai ambazo hazijawahi kutumika, vikombe vya zawadi vyenye majina ya maharusi, ngao za kazini, maua ya plastiki, saa iliyosimama. Sishauri kabati lote liondolewe. Vitolewe vyenye majina na nyuso, vibaki vyombo vichache vilivyopangwa kwa nafasi, kwa kuwa kabati lenyewe humwonyesha mteja kwamba ukuta ule unatosha samani ya ukubwa ule. Vitambaa vya makochi navyo viondolewe pale vinapokuwa vimefumwa majina au maandishi ya ukumbusho. Vilivyo safi na visivyo na maandishi havimdhuru mtu.

Ndiyo sababu napinga ushauri wa kuondoa kila kitu. Chumba kitupu humdanganya mteja, na kwa kawaida humdanganya kwa hasara ya muuzaji, maana macho hayana cha kupimia na chumba huonekana kidogo. Swali la kwanza la mnunuzi wetu chumbani ni kama sita kwa sita inaingia. Kitanda cha futi sita kina upana wa takriban mita 1.83, katika chumba chenye upana wa mita tatu hubaki zaidi kidogo ya mita moja ya kupita na kuweka kimeza. Mteja akikikuta kitanda kimo, kimetandikwa shuka la rangi moja na njia ya kupita inaonekana, swali limejibiwa. Meza ya chakula ibaki, makochi yapunguzwe hadi idadi inayoruhusu mtu kutembea, feni ibaki, mapazia mepesi yabaki.

Kuna na nyumba ambazo alama zake ni sehemu ya thamani yake, na huko kanuni hiyo hufanya kazi kwa upande wake wa pili. Mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, wenye aya, mwaka wa Hijria au jina la aliyeujengesha lililochongwa kwenye kizingiti cha juu, ulianza ukiwa alama ya mtu binafsi; leo ni wa nyumba, na kwa maana pana zaidi ni wa mji, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ndani ya kuta, za nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha hiyo mwaka 2001, zilijengwa ziwekewe vyombo vya kauri na vitabu. Anayeziziba kwa saruji ili ukuta uwe laini kwa macho ya mgeni anaharibu kile ambacho mgeni huyo amekifuata. Katika nyumba kama hizo hutolewa picha za familia zilizojaa ndani ya zidaka, na zidaka zenyewe huachwa wazi na safi. Kuhusu kubadilisha milango, madirisha au sura ya nje, Mji Mkongwe una Mamlaka yake ya Uhifadhi na Uendelezaji, na rangi isipakwe wala mlango usiguswe kabla ya kuiuliza.

Sasa tufike kwenye mpaka ambao hauruhusiwi kuvukwa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, katika kifungu cha 17, inahesabu kuwa ni ulaghai kitendo cha mtu kuficha kwa makusudi jambo analolijua ili kumshawishi mwenzake aingie katika mkataba, na aliyeshawishiwa hivyo anaweza kuutangua mkataba huo. Kushusha picha ya harusi hakumfichi mnunuzi lolote kuhusu mali anayoinunua. Kusogeza kabati lifunike ufa unaotoka kwenye msingi, au kupaka rangi mpya juu ya ukuta ambao unyevu unapanda na chumvi inachomoza kila masika, ni jambo jingine kabisa, hata kama limefanywa siku moja, na fundi mmoja, kwa ndoo moja ya rangi. Kasoro ya namna hiyo irekebishwe, au itajwe na bei izungumzwe ikiwa wazi.

Maandishi ya kutani yanaonyesha vizuri tofauti hiyo. Katika miji yetu ni kawaida kukuta ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu kwamba nyumba hii haiuzwi. Aliyeandika mara nyingi ni mwenye nyumba anayejihadhari na matapeli, na akiamua kuuza kwa hiari yake anaweza kuyafuta. Lakini pengine aliyeandika ni mmoja wa warithi ambaye mirathi haijamfikia, na hapo maandishi hayo hayamwelezi mwenye nyumba. Yanaieleza mali, kwamba ina mgogoro. Kuyapaka rangi kabla mgogoro haujamalizwa mahakamani au katika kikao cha familia ni kumwingiza mnunuzi katika kesi. Vivyo hivyo alama ya X iliyowekwa na mamlaka ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na X ya kijani huwekwa kwenye nyumba zilizokutwa katika eneo lililoongezwa na zinazostahili fidia, tofauti na ile nyekundu. Hakuna rangi inayoifuta X, kwa sababu kinachoonekana ukutani ni nakala tu ya kilichoandikwa ofisini.

Mwenzi wa ndoa naye anahusika. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Mnunuzi makini akiingia katika nyumba ya familia na kukuta dalili zote za mke zimeondolewa, nguo zake, viatu vyake na picha zake, anaweza kwa haki kabisa kushuku kwamba mauzo yanafanywa kwa siri. Muuzaji mwaminifu hana sababu ya kuogopa shaka hiyo iwapo ridhaa ya maandishi ipo tayari na anaweza kuionyesha pamoja na hati.

Kuhusu namna ya kuianza kazi ndani ya familia, nina jambo moja la kusisitiza. Asiamke mtoto mkubwa siku moja akaanza kushusha picha za baba yake mbele ya mama mjane, eti dalali amesema. Mama aulizwe kwanza ni zipi anataka ziende naye, watoto wengine wapigiwe simu, na ijulikane picha ipi inakwenda kwa nani. Kwa mjane huyo picha ikishuka ndipo nyumba inapouzwa kweli, miezi kadhaa kabla ya sahihi kuwekwa, na anastahili kupewa siku zake za kuizoea hali hiyo bila mafundi kuzungukazunguka.

Mwisho kuna vitu ambavyo muuzaji anavipenda na vimefungwa kwenye jengo: taa ya kuning'inia aliyoachiwa na mama yake, kioo kikubwa cha ukutani, feni za dari, tangi la maji na pampu yake. Kisheria kilichofungwa moja kwa moja kwenye jengo huhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi na jengo, hivyo mnunuzi aliyeviona ana haki ya kutarajia kuvikuta. Ambacho muuzaji anataka kuondoka nacho kiondolewe kabla mteja wa kwanza hajaingia, na mahali pake pafungwe kingine cha kawaida. Vinginevyo kiandikwe katika mkataba. Herufi za jina la ukoo zilizochomelewa kwenye geti nazo zitajwe, nani atazikata na kwa gharama ya nani, kwa sababu kukata chuma na kupaka geti upya kuna bei yake. Kibao cha anwani ya makazi kibaki, maana namba ile ni ya nyumba. Mita ya umeme na akaunti ya maji zitaendelea kusoma jina la muuzaji mpaka pande zote mbili ziombe jina libadilishwe, na inafaa maombi hayo yafanyike siku ileile ya kukabidhiana funguo, huku muuzaji akiwa bado anapatikana kwa urahisi.